Lango Lilindwe, Kinywa Kisifungwe



Kati ya Kitale na Bungoma, kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye, swali moja limekuwa likitufuata kila tunapokutana nanyi, iwe katika ukumbi wa parokia au chini ya mti baada ya mkutano wa hadhara. Waumini wakisimama mbele ya kliniki wakiwa na rozari, Biblia na mabango ya kupinga utoaji mimba, je, mwenye kliniki ana haki ya kwenda mahakamani kuomba waondolewe? Na mahakama ikikubali, sisi tuliopigania uhuru wa kusema katika nchi hii tusimame upande upi?

Twakiri kwamba swali hili linatuuma, kwa kuwa linaigawanya nyumba yetu wenyewe. Miongoni mwetu wamo akina mama wa kanisa waaminio kwamba uhai huanza tumboni, na kwamba kunyamaza mbele ya uovu ni kuushiriki. Wamo pia watetezi wa haki za wanawake waliokesha hospitalini kando ya wasichana waliokuwa wakivuja damu baada ya kutolewa mimba uchochoroni. Hawa wote waliandamana pamoja kudai vyama vingi, na gesi ya kutoa machozi haikuwabagua. Leo baadhi yao hawaketi benchi moja. Kwa hiyo hatuandiki ili kuamua ni nani kati yao aliye na ukweli kuhusu mimba. Twaandika kuhusu jambo lililotuunganisha tangu mwanzo, yaani haki ya mtu kusema lililo moyoni mwake bila kupiga magoti kwa mwenye nguvu, na mpaka wa haki hiyo.

Tulikotoka

Watu wa Bungoma hawahitaji kufundishwa maana ya kufungwa kinywa kwa sababu ya imani. Elijah Masinde wa Kimilili, kiongozi wa Dini ya Msambwa, alitiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari mwaka wa 1945, kana kwamba kumkana mkoloni ni wazimu. Mwezi wa Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wake huko Malakisi, na watu 11 wakafa. Mwaka huo huo dini hiyo ikapigwa marufuku, na Masinde akapelekwa kizuizini mbali na kwao. Uhuru ulipokuja, wengi walidhani mambo hayo yamekwisha. Mwaka wa 1968 serikali ya Kenya huru ikaipiga dini hiyo marufuku kwa mara nyingine. Wapo Wakristo walioshangilia wakati huo, kwa sababu Masinde hakuwa mtu wao.

Waliokuwa wakishangilia walikuja kujifunza. Mwaka wa 1988 jarida la Beyond la Baraza la Kitaifa la Makanisa lilipigwa marufuku baada ya kufichua uoza wa uchaguzi wa mlolongo, na mhariri wake akatiwa jela. Askofu Alexander Muge wa Eldoret, ambaye hakujua kunong'ona mbele ya wakubwa, alifariki katika ajali ya barabarani tarehe 14 Agosti 1990 akirejea kutoka Busia, siku chache baada ya waziri mmoja kumtishia kwamba akikanyaga huko hataondoka akiwa hai. Tarehe iyo hiyo, miaka miwili baadaye, tulimpoteza Masinde Muliro, mzee wetu wa Bungoma na Kitale, mmoja wa waasisi wa FORD.

Katika miaka hiyo hukuweza kuitisha mkutano bila leseni. Leseni ilikuwa mikononi mwa ofisa wa serikali, na ofisa alikuwa mikononi mwa chama. Mkutano wa Kamukunji wa tarehe 7 Julai 1990 haukupewa leseni. Ule wa tarehe 16 Novemba 1991 haukupewa pia. Ni mapatano ya wabunge ya mwaka wa 1997, yale yaliyoitwa IPPG, yaliyobadilisha Sheria ya Utangamano wa Umma, hata leo mwenye kuitisha mkutano hutoa taarifa tu kwa mkuu wa kituo cha polisi, kati ya siku 3 na siku 14 kabla ya mkutano. Taarifa si ombi. Tofauti ya maneno hayo mawili ilinunuliwa kwa damu.

Na ni nani aliyetuhifadhi tulipokuwa tukipigwa? Mwezi wa Machi 1992, polisi walipowavamia akina mama waliokuwa wakifunga chakula katika bustani ya Uhuru Park wakidai wana wao waachiliwe, akina mama hao walikimbilia Kanisa Kuu la All Saints. Kanisa liliwafungulia mlango. Halikuwauliza kwanza wana maoni gani kuhusu mambo mengine yote ya dunia.

Sheria isemavyo kuhusu mimba

Yatupasa kuisema sheria ilivyo, maana katika jambo hili uvumi umejaa kuliko maarifa. Kifungu cha 26 cha Katiba ya mwaka wa 2010 chasema kwamba uhai huanza mimba inapotungwa. Kifungu hicho hicho chasema kwamba utoaji mimba hauruhusiwi, isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au pale ambapo sheria nyingine imeruhusu. Wakati huo huo Kanuni ya Adhabu ilirithiwa kutoka kwa mkoloni ikiwa na kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria, na hadi miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe.

Kati ya Katiba na Kanuni hiyo, madaktari na wagonjwa wamekuwa wakitembea gizani. Wizara ya Afya ilitoa mwongozo mwaka wa 2012, kisha ikauondoa mwishoni mwa mwaka wa 2013. Tarehe 12 Juni 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu walisema kuuondoa mwongozo huo kulivunja Katiba. Katika kesi hiyo alikuwamo mama wa msichana wa Kisii aliyenajisiwa akiwa na umri wa miaka 14, akatolewa mimba na mikono isiyofaa, na akafariki mwaka wa 2018 baada ya kuugua kwa muda mrefu. Vyama vya Wakristo wataalamu navyo vilifika mbele ya majaji hao kutoa hoja za upande wa pili. Hivyo ndivyo inavyostahili: kila upande ukasikizwa.

Na tusidanganyane kwamba jambo hili liko mbali nasi. Uchunguzi uliofanywa na Wizara ya Afya pamoja na watafiti wa kituo cha APHRC ulikadiria kwamba mimba 464,690 zilitolewa nchini katika mwaka wa 2012, na kwamba wanawake karibu 120,000 walitibiwa hospitalini kwa madhara yake. Viwango vya juu zaidi vilikuwa katika Bonde la Ufa, na katika Nyanza na Magharibi. Kitale imo humo, na Bungoma imo humo. Hao ni binti zetu, waimbaji wa kwaya zetu na wanafunzi wa shule zetu. Mwenye kupinga utoaji mimba ana sababu ya kusema kwa sauti. Mwenye kutetea matibabu salama ana sababu ya kusema kwa sauti. Atakayemnyamazisha mmoja wao atakuwa amelificha tatizo kaburini pamoja na wasichana hao.

Pande zote zimeonja

Kuna wadhanio kwamba wapinzani wa utoaji mimba ndio wenye nguvu daima, nao hawahitaji ulinzi wa mtu. Tuwakumbushe tarehe 13 Juni 2010. Siku hiyo waumini walikusanyika Uhuru Park kwa maombi ya kuipinga Katiba iliyopendekezwa, kwa sababu ya kifungu hicho cha mimba na kwa sababu ya mahakama za kadhi. Milipuko iliwaangukia, na watu sita wakapoteza maisha yao. Wengi wetu katika harakati tulikuwa upande wa Katiba hiyo. Tulishinda katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010. Lakini waliokufa siku ile walikufa wakiitumia haki ambayo sisi tuliidai, na ni aibu kwetu ikiwa tumewasahau kwa kuwa hawakuwa wetu.

Kuna wadhanio pia kwamba ni waumini tu wanaofungwa vinywa. Tuwakumbushe mwaka wa 2018. Baada ya malalamiko ya kundi moja la wapinzani wa utoaji mimba, bodi ya madaktari iliagiza shirika la Marie Stopes likome kutoa huduma zote za utoaji mimba nchini, na bodi ya filamu ikazuia tangazo lake la redio. Agizo la bodi ya madaktari liliondolewa kabla ya mwaka kwisha. Swali la kama huduma fulani ni halali au si halali ni swali la kweli, na ni haki ya kila raia kulipeleka mbele ya chombo cha sheria. Lakini kuna ndugu zetu makanisani waliolifurahia hasa lile la redio kunyamazishwa. Twawauliza kwa upole: je, mmesahau Beyond? Kalamu iliyopiga mstari juu ya tangazo msilolipenda ni kalamu ile ile iliyopiga mstari juu ya jarida lenu.

Zuio ni kitu gani?

Sasa tuingie mahakamani. Zuio ni amri ya mahakama inayomkataza mtu kutenda jambo fulani, mara nyingi kwa muda, mpaka kesi isikizwe na kuamuliwa. Asiyelitii aweza kutozwa faini au kufungwa kwa kuidharau mahakama. Ni silaha kali, kwa maana humfunga mtu kabla hajapatikana na hatia yoyote. Ndiyo sababu tangu kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya mwaka wa 1973, majaji wetu hujiuliza mambo matatu. Je, mwombaji ameonyesha kwamba kesi yake ina msingi na yaelekea kufaulu? Je, zuio lisipotolewa atapata hasara isiyoweza kufidiwa kwa pesa? Na ikiwa bado kuna shaka, ni nani atakayeumia zaidi, aliyenyimwa zuio au aliyewekewa? Tena kanuni za kesi za madai zasema kwamba zuio lililotolewa bila upande wa pili kusikizwa halipaswi kupita siku 14.

Historia yetu yatufundisha kwamba mlango huu haukuwa ukifunguka kwa watu wote sawasawa. Mwishoni mwa mwaka wa 1989 Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kuomba zuio dhidi ya jumba la ghorofa 60 ambalo watu wa chama tawala walitaka kulijenga ndani ya Uhuru Park. Mahakama ilimwambia kwamba hana mamlaka ya kushtaki, kwani si yeye aliyedhulumiwa hasa. Jumba lilikuja kushindwa kwa makelele ya watu, si kwa amri ya jaji. Leo kifungu cha 22 cha Katiba chamruhusu kila mtu kwenda mahakamani kutetea haki, iwe yake au ya wengine. Na tumeona mahakama zikiwa ngao: mwezi wa Julai 2024, polisi walipopiga marufuku maandamano katikati ya Nairobi kwa hoja kwamba hayakuwa na viongozi wanaojulikana, Mahakama Kuu iliisimamisha marufuku hiyo. Basi zuio kwa lenyewe si adui wala rafiki. Lapimwa kwa kile linachokizuia.

Waliotutangulia katika ugomvi huu

Kesi zinazojulikana zaidi kuhusu mimba hapa Kenya zimewahusu madaktari, wagonjwa na miongozo ya wizara. Kwa kesi za wanaosimama langoni, yatubidi tutazame ng'ambo, si kwa kuiga bali kwa kujifunza.

Huko Marekani, mwezi wa Machi 1993, daktari David Gunn alipigwa risasi na kuuawa nje ya kliniki mjini Pensacola, katika jimbo la Florida, wakati maandamano yakiendelea. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kesi ya Madsen, iliyotoka Florida pia. Jaji wa jimbo alikuwa ameweka zuio dhidi ya waandamanaji waliokuwa wakiziba njia na kupiga makelele. Mahakama ya Juu ililichambua zuio hilo kipande kwa kipande. Ilikubali kwamba waandamanaji wakae umbali wa futi 36, yaani kama mita 11, kutoka langoni, na ilikubali makelele yapunguzwe saa za upasuaji. Lakini ilikataa amri ya kuwazuia kumsogelea mtu yeyote asiyetaka ndani ya futi 300, na ilikataa amri ya kuficha picha na mabango yao. Mgonjwa asiyependa bango, majaji walisema, kliniki yaweza kumfungia pazia.

Mwaka wa 2014 mahakama hiyo hiyo iliamua kesi ya Eleanor McCullen, bibi mzee wa jimbo la Massachusetts aliyekuwa akizungumza na wanawake kwa sauti ya chini karibu na milango ya kliniki. Sheria ya jimbo ilimkataza mtu yeyote wa nje kusimama ndani ya futi 35. Majaji wote tisa walikubaliana kwamba sheria hiyo ilikuwa imekwenda mbali mno. Mwenye kuziba njia aadhibiwe kwa kuziba njia, walisema kwa jumla, lakini barabara ya umma haiwezi kufungwa kwa mwenye kunong'ona ati kwa sababu mwingine hupiga mayowe.

Uingereza imechukua njia nyingine. Tangu tarehe 31 Oktoba 2024, England na Wales zina eneo la mita 150 kuzunguka kila kliniki ya utoaji mimba, ambamo ni kosa kujaribu kumshawishi mtu kuhusu uamuzi wake. Wiki chache kabla ya hapo, chini ya agizo la halmashauri ya mji, mwanamume mmoja alipatikana na hatia baada ya kusimama huko Bournemouth ndani ya eneo lililokatazwa akisali kimya. Twaelewa hofu iliyozaa sheria hiyo. Lakini nchi inayompeleka mtu mahakamani kwa sala aliyoisali moyoni imeingia pahali ambapo hata mkuu wa wilaya wa zamani zetu hakupafikia. Yeye alitaka kujua tu tumesema nini.

Msimamo wetu

Kutokana na hayo yote, msimamo wetu ni huu: lango lilindwe, kinywa kisifungwe.

Lango lilindwe, kwa maana mwanamke aingiaye kliniki ni raia kama sisi. Wewe uliyesimama nje hujui anafuata nini. Huenda anaenda kupimwa mimba anayoitamani. Huenda anafuata dawa za kupanga uzazi, au mimba imemharibikia usiku na anahitaji msaada kabla jua halijazama. Na hata ikiwa anakwenda kwa lile unaloliogopa, bado ana mwili wake, faragha yake na hofu yake. Kumzibia njia, kumshika mkono, kumpiga picha ili jina lake litangazwe kanisani, kumwita muuaji mbele ya watoto, au kumtisha muuguzi kwa kumtajia anakoishi: hayo hayawezi kuitwa maoni. Kifungu cha 37 cha Katiba kimetupa haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, lakini kwa amani na bila silaha. Kifungu cha 33 kimetupa uhuru wa kusema, lakini si uhuru wa kuchochea vita, ghasia wala chuki. Jaji akitoa zuio dhidi ya vitendo kama hivyo, nasi tutamuunga mkono, hata kama waliozuiwa ni watu wa nyumbani mwetu.

Kinywa kisifungwe, kwa maana barabara ni ya umma, na dhamiri haina leseni. Waumini wakisimama ng'ambo ya barabara na mabango yao, wakiimba kwa sauti ya kadiri, wakimpa karatasi apendaye kuipokea na kumwacha apite asiyependa, mahakama isiwaguse. Hawaondolewi kwa sababu maneno yao yanachoma. Maneno yetu kuhusu ufisadi, mashamba yaliyonyakuliwa na damu iliyomwagwa katika mapigano ya kikabila yaliwachoma wengi pia. Lau kuchoma kungalikuwa sababu ya kutosha, kijarida kama hiki kisingeliandikwa kamwe.

Kwa hiyo twaziomba mahakama za Kitale na Bungoma, ombi la namna hii likifika mezani mwao, zizingatie mambo manne. Kwanza, upande wa pili usikizwe, na ikiwa dharura imezuia hilo, usikizwe upesi. Pili, amri itaje vitendo na mahali, isitaje maoni. Tatu, iwe na mwisho unaojulikana. Nne, iwahusu waliotenda, si kila mtu atakayewahi kulitaja jambo hilo. Zuio lisemalo "msisimame ndani ya mita kadhaa za lango hili" twaweza kulijadili. Zuio lisemalo "msiseme kwamba utoaji mimba ni dhambi" ni Beyond tena. Nalo zuio lisemalo "msiseme kwamba mwanamke ana haki ya kutibiwa" ni Beyond vilevile.

Neno kwa kila upande

Kwa ndugu zetu wa makanisa. Mkiamua kusimama, toeni taarifa polisi mapema, wala msikubali taarifa igeuzwe kuwa ombi. Wekeni watu wenu wa kulinda nidhamu. Acheni njia wazi. Achaneni na kamera. Mkiletewa zuio, lisomeni neno kwa neno, litiini siku hiyo, na kesho yake nendeni na wakili kuomba lifutwe au lipunguzwe. Kutii si kukubali. Ni kuwanyima wapinzani wenu sababu ya kuwafunga. Na tuongeze hili kwa unyenyekevu: msichana anayepita langoni akitetemeka hatakumbuka bango lenu. Atamkumbuka mama wa kanisa lake aliyemfukuza kwaya alipopata mimba, au aliyemfungulia nyumba. Mahubiri yenu makubwa zaidi kuhusu uhai hayako barabarani, wala hakuna jaji awezaye kuyazuia.

Kwa wenzetu wa haki za wanawake. Mnapoona magoti yamepigwa mbele ya kliniki mnayoitegemea, twajua mnakasirika. Lakini kabla hamjamwandikia wakili, jiulizeni kama mmezuiwa kupita au mmechukizwa tu. Mkizuiwa, nendeni mahakamani, na kijarida hiki kitasimama nanyi. Mkichukizwa, jibuni. Mna hoja, mna madaktari, mna takwimu, na mna hukumu ya mwaka wa 2019. Msiijenge mashine ya kunyamazisha watu mkidhani mtaishika usukani daima. Serikali itakayokuja kesho yaweza kuwa na rafiki wengine, na amri mliyoiomba dhidi ya wenye rozari itakuwa imekaa mezani, ikingoja kuandikwa majina yenu.

Kwa polisi wetu. Kazi yenu ni kuhakikisha mgonjwa apita na mwandamanaji asema, wote wawili, katika barabara moja, siku moja. Yawezekana. Si lazima mmoja apigwe ndipo mwingine awe huru.

Kwa kumalizia, turudi kwenye nyumba yetu iliyogawanyika. Hatudhani kwamba mwanakwaya wa Kitale na mwanaharakati wa Bungoma watapatana kuhusu mimba kwa sababu wamesoma tahariri hii. Huenda wakafa bila kupatana. Hatukudai vyama vingi ili tuwe na wazo moja. Hilo tulikuwa nalo tayari, nalo lilikuwa wazo la mtu mmoja. Tulidai vyama vingi ili watu wasiopatana waweze kuishi katika mji mmoja, wapishane barabarani asubuhi, kila mmoja akiwa na bango lake, na jioni warudi nyumbani wakiwa wazima. Atakayelilinda lango la mwenzake na kukiacha wazi kinywa cha mpinzani wake, huyo ndiye mwanamageuzi. Wengine wamebadilisha chama tu.